Mapumziko kwenye kijiji cha Java: kijiji kipi, siku ngapi, na zile kelele za alfajiri

SWALI: "Mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam na kazi zimetuchosha. Tuna likizo ya siku kumi na mbili mwezi wa saba, na tunataka kwenda kwenye kijiji cha asili cha kisiwa cha Java, Indonesia, zile nyumba za kuezekwa kwa nyasi katikati ya mashamba ya mpunga, tutulie tu. Mpango wetu ni usiku mmoja Jakarta, usiku mmoja kijijini karibu na hekalu la Borobudur, halafu mlima wa volkano wa Bromo siku mbili na kisiwa cha Bali siku nne. Lakini wifi yangu alikwenda akarudi analalamika: spika za msikiti usiku wa manane, majogoo, muziki wa harusi. Anasema hakulala. Ukweli ni upi? Na mume wangu ana kisukari, anachoma insulini. Atakula nini huko? Na je, hatutakuwa mzigo kwa wenyeji?"

JIBU: Dada yangu, wifi yako hakutia chumvi. Kijiji cha Java kina sauti nyingi, na nyingi kati ya hizo zinaanza kabla hakujapambazuka. Ila sababu kubwa ya yeye kukosa usingizi haikuwa msikiti peke yake. Ilikuwa saa yake ya mwilini, na hilo mnaweza kulizuia mkipanga safari vizuri.

Java iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa nne. Mkipanda kitandani saa nne usiku ya kule, mwili wenu unahesabu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mtageukageuka mpaka saa saba au saa nane ndipo usingizi uwachukue. Adhana ya alfajiri inatoka kati ya saa kumi na robo na saa kumi na dakika arobaini, wakati mwili unasema ni usiku wa saa sita na ushei. Hapo ndipo mtu anaposema "usiku wa manane", na kwa hesabu ya mwili wake anasema kweli. Isitoshe, karibu kila kitongoji kina msikiti wake au kijumba cha kusalia, na misikiti hiyo haianzi kwa pamoja: mmoja unatangulia, wa pili unafuata kwa sekunde chache, wa tatu unajibu kutoka ng'ambo ya mashamba. Mgeni aliyelala usiku mmoja tu hupata sehemu mbaya ya jambo hili na huondoka kabla ya sehemu nzuri.

Mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kila siku. Kwa hiyo laleni usiku mbili za mwanzo Yogyakarta, mji ulio karibu na Borobudur, kwenye hoteli yenye madirisha mazito, na kila siku kaeni kwenye jua la kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana. Mkifika kijijini siku ya tatu, adhana itawakuta mmeshalala kwa muda wa saa tano au sita, na wakati kijiji kinaamka nanyi mtakuwa tayari kuamka. Mkiwa watu wa kuswali, mtaona hapo mna faida ambayo wageni wengi hawana.

Harusi ni habari nyingine, na ina kalenda yake. Mwaka 1633 Sultan Agung wa ufalme wa Mataram aliunganisha kalenda ya zamani ya Kijava na miezi ya Kiislamu, na mpaka leo vijijini watu huchagua siku za sherehe kwa hesabu hiyo. Mwezi wao wa Besar, yaani Mfunguo Tatu wetu, una harusi nyingi, na spika za harusi ya Kijava hukodishwa kubwa makusudi, maana sherehe ni ya kitongoji kizima. Mwezi unaofuata ni Sura, yaani Muharram au Mfunguo Nne, na Wajava wengi hawaozeshi ndani yake kabisa. Miaka hii Muharram inaangukia Juni na Julai, kwa hiyo angalieni kalenda ya Hijria kabla ya kukata tiketi. Sogezeni tarehe hata kwa wiki moja ikibidi, ili muwe huko ndani ya Sura. Na hata hivyo, kabla ya kulipia, mwandikieni msimamizi wa malazi swali hili kwa Kiindonesia: "Apakah ada hajatan di sekitar rumah pada tanggal itu?" Maana yake ni: je, kuna shughuli karibu na nyumba tarehe hizo? Atawajibu kweli, kwa sababu majirani hujua shughuli ya mwenzao wiki nyingi kabla. Ikiwapo, ombeni nyumba ya kitongoji kingine. Au nendeni mkaile: mgeni hualikwa, na bahasha yenye rupia 50,000 hadi 100,000 inatosha.

Sasa hizo nyumba za nyasi. Picha nyingi zinazozunguka mtandaoni kwa jina la "kijiji cha Java" si za Wajava. Zile paa nyeusi zilizopangana bondeni ni Kampung Naga, karibu na Tasikmalaya, na wakazi wake ni Wasunda. Wabaduy wenye mavazi meupe na meusi wako Banten, upande wa magharibi kabisa. Ile barabara iliyonyooka yenye malango ya jiwe na paa za mianzi ni Penglipuran, Bali. Kisiwa cha Java kina watu wa lugha na desturi tofauti. Wajava wenyewe wako zaidi katikati na mashariki. Nyumba yao ya kijijini ina paa la vigae vya udongo, kuta za matofali au mbao za jati ya zamani, yaani msaji, na mbele ina kibaraza kipana. Ndani kuna umeme, televisheni, na pikipiki imeegeshwa sebuleni. Ukienda ukitafuta nyasi utahuzunika bure. Kilicho cha kale pale ni namna watu wanavyoishi pamoja, na hicho hakionekani kwenye picha wala hakionekani kwa usiku mmoja.

Ndiyo maana nawaomba kwa dhati mfute Bromo na Bali kwenye safari hii. Kutoka Yogyakarta hadi Bromo ni siku nzima ya njia, kutoka hapo hadi Bali ni nyingine, na mtarudi Dar mmechoka kuliko mlivyoondoka. Kaeni kijiji kimoja usiku tano. Namba hiyo sikuichagua kiholela. Wajava wana juma la siku saba kama sisi, na sambamba nalo wana juma la siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Masoko mengi ya vijijini hufurika kwa siku yake katika hizo tano, na mengine yana jina la siku hiyo, kama Pasar Pon au Pasar Kliwon. Siku nyingine soko hilohilo huwa na akina mama wachache wenye mchicha na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Siku yake ikifika wanakuja wauza vifaranga, wahunzi wenye mapanga na majembe, wauza mbegu, wapika uji, na watu wanajaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Mkikaa usiku tano, siku ya soko la kwenu lazima iwakute. Mkikaa mbili, ni bahati nasibu.

Usiku tano zina faida nyingine. Siku ya kwanza mtakuwa wageni, na mwenyeji atawahangaikia. Siku ya pili ataendelea. Kuanzia siku ya tatu anarudi kwenye kazi zake, na hapo ndipo mapumziko yenu yanapoanza. Mtasikia alfajiri ufagio wa chelewa ukikwaruza uwanja, nyumba hadi nyumba, kila mwanamke na mwendo wake, na mistari inabaki kwenye udongo mpaka kuku waivuruge. Saa mbili asubuhi watu wako mashambani. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana hakuna anayetembea; joto limekaa, milango iko wazi, kijiji kimelala. Huo ndio utulivu mnaoutafuta, na ni wa mchana. Saa kumi watu wanaoga na kukaa barazani. Jua linazama karibu na saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili mwaka mzima, watoto wanaingizwa ndani magharibi, na ikifika saa mbili usiku zinabaki sauti za vyura.

Kwa upande wa vijiji, nina vitatu vya kuwapimia. Candirejo uko kilomita tatu hivi kutoka hekalu la Borobudur, chini ya vilima vya Menoreh, na umekuwa kijiji rasmi cha utalii tangu 2003 chini ya ushirika wa wanakijiji wenyewe. Wageni hugawiwa nyumba, na mapato hayaishii kwa mtu mmoja. Njia nyingi ni tambarare, mnaweza kwenda kwa baiskeli au kwa dokar, kile kigari cha farasi. Kwa mtu mwenye kisukari anayehitaji kutembea kila siku bila kupanda milima, mimi ningeanza hapa. Nglanggeran, ulioko Gunung Kidul mashariki mwa Yogyakarta, una hewa nzuri zaidi, mashamba ya kakao na miamba ya volkano iliyokufa zamani. Mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani liliuweka kwenye orodha yake ya vijiji bora. Juu yake kuna kitongoji cha Kampung Pitu, ambacho kwa mila hakizidi familia saba. Tatizo lake ni Jumamosi na Jumapili, vijana wanapofurika kupanda mwamba waone machweo. Wa tatu ni Pentingsari, kwenye mteremko wa kusini wa mlima Merapi. Ni msafi, una kivuli, na usiku kuna baridi ya kutaka sweta, lakini hupokea makundi makubwa ya shule na ofisi kwa michezo ya pamoja. Mkiutaka, fikeni Jumapili jioni na muondoke Ijumaa. Kumbukeni pia kwamba Julai, hasa nusu yake ya kwanza, ni likizo ya shule huko.

Merapi ni volkano hai. Mlipuko wa 2010 uliua zaidi ya watu 350, na Novemba 2020 tahadhari yake ilipandishwa hadi ngazi ya tatu kati ya nne. Taasisi ya serikali inayoufuatilia, BPPTKG, hutangaza ngazi na eneo la kutokaribia. Mwulizeni mwenyeji umbali wa nyumba yake na njia ya kutokea, na likitolewa agizo la kuhama, hameni siku hiyohiyo hata kama mbingu ni nyeupe.

Kuhusu kuwa mzigo: hamtakuwa, mkijua mambo machache ambayo kwenu si mageni. Mlangoni Mjava hasukumi mlango. Anasimama nje na kusema "kula nuwun", na wa ndani anajibu "monggo". Hiyo ni hodi na karibu, neno kwa neno. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama kidogo, shusha mkono wa kulia, sema "nuwun sewu". Asante ni "matur nuwun". Pokea na toa kwa mkono wa kulia, onyesha kwa kidole gumba, usimguse mtu kichwani, vua viatu kwenye kizingiti. Sisi tuna shikamoo. Wao wamekwenda mbali zaidi, lugha nzima inabadilika kwa heshima. Kula ni "mangan" kwa rika lako, "nedha" kwa unayemstahi, "dhahar" ukimzungumzia mkubwa anayekula. Hakuna atakayewadai hayo, lakini "kula nuwun", "nuwun sewu" na "matur nuwun" yatawafungulia nyuso. Na Kiindonesia kitawashangaza: meza ni "meja", bendera ni "bendera", sabuni ni "sabun", na "apa kabar" ni habari gani. Waarabu na Wareno walipita kwetu na kwao pia.

Jihadharini na neno "inggih". Maana yake ni ndiyo, lakini mara nyingi linamaanisha tu kwamba mtu amekusikia. Ukimwuliza mwenyeji kama anaweza kupika bila sukari akajibu "inggih", hujapata jibu bado. Uliza kwa namna isiyoweza kujibiwa hivyo: "Kesho asubuhi utapika nini?" Vilevile mpita njia akikwambia "mampir", pitia basi, anakusalimu. Jibu la adabu ni tabasamu na "monggo", kisha unaendelea na safari.

Siku ya kwanza mwenyeji atachukua nakala ya pasipoti zenu ampelekee Pak RT, kiongozi wa majirani, ambaye kazi yake inafanana na ya balozi wa nyumba kumi. Mgeni hutakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24, msione mnachunguzwa. Bafuni mtakuta birika kubwa la maji na kopo la kuchotea: chota, jimwagie, usiingie ndani wala usisuuzie sabuni humo, maji hayo ni ya nyumba nzima. Zawadi? Pelekeni kanga. Wanawake wa Kijava wana kitambaa chao cha kujifunga, jarik, na watajua mara moja kazi yake. Vitenge navyo vina damu ya huko, kwani viwanda vya Uholanzi vilianza karne ya 19 kwa kuiga batiki ya Java.

Sasa chakula, na hapa naongea na mumeo. Vyakula vya katikati ya Java ni vitamu kwa sukari kuliko mnavyotarajia. Gudeg, yaani fenesi bichi lililochemshwa kwa saa nyingi, hupikwa na sukari ya mnazi. Tempe na tofu mara nyingi huchemshwa katika sukari hiyohiyo kabla ya kukaangwa, na mchuzi mweusi wa soya ni mzito kama asali. Chai huletwa ikiwa tayari na sukari, kila nyumba, kila saa, na kuikataa kabisa kunaumiza. Semeni mapema "teh tawar", chai isiyotiwa sukari, na "tanpa gula", bila sukari, na mtaje sababu: "suami saya sakit gula", mume wangu ana sukari. Ugonjwa huo wanaujua vizuri, na mwenyeji akishaelewa atamlinda kwa majirani wote. Salama zaidi kwake ni tempe ya kukaanga bila kuchemshwa, mayai, samaki, mboga za lodeh zenye tui, na saladi ya majani, ila mchuzi wake wa karanga nao hutiwa sukari. Wali apakue mwenyewe. Mihogo mtaikuta pia: getuk ni muhogo uliopondwa na kutiwa sukari, na kule Gunung Kidul tiwul hutengenezwa kwa unga wa makopa kama wa kwetu. Ni wanga mtupu, aonje kijiko. Nyama kwa kawaida ni halali, ila sokoni kuna saren, vipande vyeusi vya damu ya kuku iliyoganda. Mjue msije mkadhani ni maini.

Insulini ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, isiwekwe kamwe kwenye mzigo wa chini wa ndege. Isiyofunguliwa ikae kwenye friji ya mwenyeji, mbali na sehemu ya barafu, maana ikiganda imeharibika. Siku ya kwenda mtapoteza saa nne, na dozi ya insulini ya muda mrefu inahitaji kupangwa upya. Hilo si la kukisia wala la kuuliza kwa maandishi: mumeo amwone daktari wake wiki mbili au tatu kabla, na ratiba ya ndege mkononi, apate pia barua ya dawa na sindano. Na asikanyage tope la mashamba ya mpunga peku, hata wenyeji wakifanya hivyo mbele yake. Mkojo wa panya humo hueneza leptospirosisi, ugonjwa tuliouita homa ya mgunda ulipotokea Lindi mwaka 2022, na mguu wa mwenye kisukari unaweza kuwa na jeraha asilolihisi. Viatu vilivyofunikwa, na kukagua nyayo kila jioni.

Kwa safari yenyewe, unganisheni Doha au Dubai hadi Jakarta, kisha ndege ya saa moja na kidogo hadi Yogyakarta, au treni kutoka stesheni ya Gambir, saa sita hadi saba, ambayo inapita mashambani na inafaa kama mwanzo wa kupunguza mwendo. Ubalozi wa Indonesia Dar es Salaam ndio wa kuulizia viza kabla ya kulipa tiketi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, na kadi ya homa ya manjano muwe nayo, chanjo ikiwa na siku kumi au zaidi. Badilisheni fedha mjini na mpate noti za 5,000, 10,000 na 20,000. Malazi kijijini mara nyingi ni kati ya rupia 150,000 na 350,000 kwa usiku. Ulizeni kama milo imo. Gari za programu za simu zitawafikisha kijijini bila shida, lakini kutoka ni kazi, kwa sababu dereva wa karibu yuko mjini. Pangeni na msimamizi gari la kurudi siku mnayofika.

Jambo la mwisho ni la baada ya safari. Dengi ipo Java, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haitoshi. Pakeni dawa ya mbu asubuhi na alasiri. Mmoja wenu akipata homa kule, aende puskesmas, kituo cha afya cha wilaya ndogo, siku hiyohiyo, na wakati huo atumie parasetamoli peke yake: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Homa ikija ndani ya wiki mbili baada ya kurudi Dar, msinunue dawa ya malaria dukani. Nendeni hospitali, mwambieni daktari kwamba mmetoka Java na mlitembea mashamba ya mpunga, na muombe kipimo cha malaria na cha dengi kwa pamoja. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma au damu kwenye fizi ni ya kwenda usiku huohuo.